Magongo Yetu Yalivyofika Geita

Niliondoka Shinyanga kwa sababu timu yangu ilikuwa inakufa na mimi ndiye niliyejiteua kuwa daktari wake. Wenye ndimi kali, mke wangu akiwa wa kwanza, walisema mimi ndiye ugonjwa wenyewe.

Timu ni ya besiboli. Mchezo huu kwetu bado mgeni, kwa hiyo nauelezea kama ninavyowaeleza majirani: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla mrushaji na wenzake hawajaudaka au kuuokota na kumwahi. Majirani wakishasikia hayo husema, "Aa, kriketi." Nimeacha kubisha.

Mimi nilijifunza nikiwa sekondari Dar es Salaam, nilikokuwa nikiishi kwa mjomba. Mwalimu wetu wa kujitolea kutoka Japani aliniona nikikimbilia mpira akadhani nina kipaji, kumbe nilikuwa naogopa kukaa darasani. Bahati ni bahati. Miaka michache baadaye nikajikuta Japani, kwenye timu ya mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mpunga, nikivaa sare yenye jina langu, Luhende, lililoandikwa kwa herufi ambazo mama yangu asingezitambua. Walinilipa mshahara. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa mshahara, kwa hiyo mtu asiniondolee cheo changu: mimi ni mchezaji wa kulipwa.

Nilicheza uwanja wa nje, upande wa kulia. Huko ndiko anakowekwa mtu ambaye timu haitaki kumwacha wala haitaki kumtumia. Unasimama mbali, peke yako, ukisubiri mpira ambao pengine hautafika. Na mara nyingi hata huko sikufika, nilikuwa benchi. Mke wangu, Mama Neema, huwaambia wageni kwamba mumewe alikwenda Asia kukagua mabenchi. Kisha goti likachoka kabla yangu, nikarudi nyumbani, na kwa kuwa sikujua kazi nyingine nikaanzisha timu kwenye kiwanja kilicho karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba, nikajiita meneja. Katika besiboli mkubwa wa timu huitwa hivyo. Wachezaji wakaniita kocha. Nikawasahihisha. Wakaendelea kuniita kocha.

Tatizo letu lilikuwa kwamba hatukuwa na wa kucheza naye. Tulijigawa, tukashindana sisi kwa sisi, tukashinda na kushindwa siku hiyohiyo. Polepole vijana wakaanza kurudi kwenye soka. Na kulikuwa na tatizo la pili, ambalo Mwalimu Kabula, nahodha na mrushaji wetu, alinieleza waziwazi kama anavyowaeleza watoto wa darasa la nne.

"Kocha, kila mchezo ukinoga unamtoa mtu unaingia wewe."

"Ni kwa ajili ya uzoefu," nilisema.

"Uzoefu wa nani? Maduhu ametolewa kila wiki. Amesema mechi hii ya Geita ni ya mwisho kwake."

Maduhu ni fundi baiskeli, mwembamba, mpole, na anacheza uwanja wa kulia. Yaani, nafasi yangu.

Hii ya Geita ilikuja kwa simu. Mtu mmoja aliyejitambulisha kama Baba Shija, mwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, alisema naye ana timu ya besiboli, imetokana na vijana wake wa kazi, na wamekosa mtu wa kucheza naye mpaka wameanza kugombana. Aliuliza tunaonaje tukutane, na atakayeshinda aiwakilishe kanda kwenye mashindano ya Dar es Salaam. Nikakubali kabla hajamaliza. Tukishindwa, nilijua, timu yangu ingebaki mimi, magongo na jua.

Ijumaa alfajiri tuliondoka. Usafiri uliopatikana kwa uwezo wetu ulikuwa basi dogo la kwaya, jeupe, lenye maandishi makubwa ya bluu ubavuni: KWAYA, na chini yake, MWIMBIENI BWANA WIMBO MPYA. Mama Neema alisimama mlangoni akiwa na khanga begani, akatazama maandishi, akanitazama mimi.

"Baba Neema, na wewe umo humo?"

"Mimi ndiye kiongozi wa msafara."

"Basi Mungu awasaidie," alisema, na hakuwa anatania.

Kuanzia Tinde hadi Isaka niliwasimulia wachezaji habari za Japani. Ni mambo ambayo mchezaji anapaswa kuyajua: jinsi ya kusoma upepo kwa kutazama bendera, jinsi ya kulifunika jua kwa glavu. Nilikuwa nimefika mahali pazuri, pale niliporuka na kugonga ukuta wa uwanja kwa bega, nilipogundua kwamba basi zima limelala. Hata dereva nilimtilia shaka. Nje, mashamba ya pamba yalikuwa yameshavunwa, yamebaki mabua na vishada vyeupe vilivyosahauliwa, na ng'ombe walikuwa wanapitishwa humo kama wageni waliochelewa sherehe.

Kahama tulikunywa chai na chapati, tukaendelea kuelekea Masumbwe. Kabla ya kufika tulikuta kizuizi cha barabarani. Askari mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliingia ndani, akatusalimu, akaulizia kwaya yetu ni ya jimbo gani la kanisa. Kisha macho yake yakatua kwenye mfuko mrefu wa turubai uliolala katikati ya viti.

"Humu mna nini?"

Hapa nilipaswa kumwachia Kabula ajibu. Yeye ni mwalimu, ana mpangilio. Lakini meneja ni nani?

"Magongo, afande," nilisema kwa fahari.

Nilihitaji muda kidogo kukumbuka kwamba katika nchi yetu neno gongo lina maana mbili, na kwamba ile ya kwanza kumjia askari si kipande cha mti bali pombe haramu ya kienyeji.

"Mmebeba gongo," alisema polepole, "kwenye gari la kwaya."

"Si ya kunywa, afande! Ya kupigia."

"Ya kumpigia nani?"

Kila nilivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Nilisema tunakwenda Geita kupambana na vijana wa machimboni. Nilisema wao pia wana magongo. Nilisema tumejiandaa miezi mingi. Askari alinisikiliza kama mtu anayepokea maungamo. Mwishowe Kabula akasimama, akasema, "Shikamoo, baba. Ni mchezo. Tushuke tukuonyeshe."

Tukashuka. Pembeni ya barabara, kwenye vumbi, Kabula akarusha mpira polepole, na askari, gongo mkononi, akaupiga ukavuka mfereji. Madereva wa malori waliokuwa wakisubiri wakapiga makofi. Akaomba mwingine. Akaomba wa tatu. Tulichelewa pale si kwa sababu ya kushikiliwa bali kwa sababu alikuwa amenogewa. Alipoturuhusu aliniita kando.

"Kiongozi," alisema, "ukifika kizuizi kinachofuata, mwache yule dada azungumze."

Jioni tuliingia Ushirombo, tukafikia kwa shangazi yake Kabula, Mama Konsolata, mjane mwenye nyumba pana na ua uliofagiwa mpaka unaogopa kuukanyaga. Alitukaribisha kwa ugali, samaki wa kukaanga na maziwa ya mgando. Sisi tuliotoka Usukumani tulishangaa jinsi nchi inavyobadilika upande huu: miti imeongezeka, mahindi yamesimama imara, na kila baada ya mwendo kidogo kuna kanisa. Wengi wa hapa ni Wakatoliki kwa vizazi, na Mama Konsolata alisali kabla ya chakula kwa urefu uliofanya samaki wapoe.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa napiga mswaki uani wakati mzee mmoja mwenye suti na ua kifuani alipoingia karibu anakimbia. Alikuwa jirani, na siku hiyo alikuwa anaoza mtoto.

"Tumsifu Yesu Kristo! Nimeona gari. Mungu ni mwema!" Akanishika mikono miwili, mswaki ukiwemo. "Kwaya yetu imeharibikiwa na gari njiani, na misa inaanza. Mwanangu ataingia kanisani kimyakimya kama mwizi?"

Nikafungua mdomo kumweleza kuhusu besiboli. Nikamwona machozi yanamlenga. Nikasema, "Tutaimba."

Msinilaumu. Kwanza, wengi wetu tumekulia kwaya za kanisani, na hata Maduhu aliwahi kupiga ngoma. Pili, mwenye suti hiyo usingeweza kumwambia hapana. Kilichoniponza ni kwamba nilidhani mtu anayeongoza timu anaweza kuongoza kwaya. Nilisimama mbele yao kanisani, nikainua mikono, nikaipeperusha. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kutisha. Sauti ya pili ilikuwa inamkimbiza mtu asiyekuwepo. Katikati ya ubeti wa pili nzi akatua sikioni, nikamfukuza, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kugusa sikio ndiyo ishara yetu ya kumwambia mkimbiaji achomoke kituoni. Maduhu, mtiifu hata alipokuwa amenichoka, akachomoka. Alipiga hatua kadhaa kuelekea altareni akiwa ameinama, akagutuka, akasimama, na kwa akili ya ghafla akapiga ishara ya msalaba kana kwamba ndicho alichokwendea.

Nilisogea pembeni nikajifanya natafuta kitabu cha nyimbo. Kabula akaanzisha wimbo mwingine, ule ambao kila Mkatoliki wa kanda hii anaujua tangu tumboni, na kanisa zima likauchukua. Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi harusi akaingia akicheza. Ilikuwa nzuri mno, na mimi nilikuwa nyuma ya nguzo.

Tulitoka Ushirombo tukiwa tumepewa nyama ya harusi kwenye ndoo yenye mfuniko. Runzewe tukakata kulia, tukapita Bwanga, tukafika Katoro, mji ambao kila mtu anauza kitu na kila anayeuza yuko barabarani: mitumba, viatu vya mpira, karai, koleo, kamba za kushukia migodini. Hapo ndipo unapoanza kuihisi dhahabu ingawa huioni. Unaiona kwenye mikono ya watu. Vijana wana vumbi la kijivu hadi kwenye nyusi, na wanazungumzia maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kama wakulima wa kwetu wanavyozungumzia mvua: yule duara lake limetoa, yule limemkausha.

Jioni tukafika Geita. Baba Shija alitupokea kando ya karasha zake, kwenye mngurumo uliotulazimisha kusalimiana kwa ishara. Ni mtu mfupi, mpana, wa makamo, mwenye kofia ya pama na cheko la haraka.

"Mwadila!" alipiga kelele, salamu ya Kisukuma ya kuanzia mchana hadi jioni.

"Mwadila!" tukajibu.

"Ndiyo wewe uliyechezea Japani?"

Niliuinua mgongo. Hatimaye. "Ndiyo mimi."

"Nilidhani ni mrefu," alisema, akatupeleka kuona uwanja.

Uwanja ulikuwa karibu na shule ya msingi. Vituo vilikuwa viroba vilivyojazwa kifusi, vizito mpaka hakuna ambaye angevisogeza. Magongo yao yalichongwa na fundi seremala wa pale. Upande wa kushoto ulipakana na shamba la mihogo. Upande wa kulia uliishia kwenye wigo wa matawi ya miiba.

"Hapo nyuma ya miiba ni shimo la zamani la watu waliokuwa wanapima mwamba," Baba Shija alisema. "Si refu sana, lakini mchezaji wako wa huku umwambie asirudi kinyumenyume."

"Nitamwambia," nilisema. Na kweli nilimwambia Maduhu. Mwingine aliyehitaji kuambiwa sikumfikiria.

Jumapili baada ya ibada watu walijaa. Walikuja na watoto, viti, miwa, karanga. Hakuna aliyejua sheria, kwa hiyo walishangilia kila kitu: mpira uliopigwa, uliokosewa, hata Kabula alipofunga kamba ya kiatu. Mwamuzi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa hapo Geita, aliyejifunza sheria wiki hiyo na kuzishika kuliko mimi.

Mchezo ulikuwa mkali. Vijana wa karasha wana mikono ya chuma, wanapiga mpira kama wanaoponda jiwe. Lakini Kabula alikuwa anawarushia mipira inayopinda, na kila walipodhani wameipata, haipo. Tulikwenda sambamba. Maduhu alikuwa anacheza vizuri, na nakiri kwamba hilo lilinisumbua. Zamu ya mwisho ilipofika, tukiwa sare, Geita wakipiga sisi tukizuia, niliita mapumziko.

"Maduhu, pumzika. Naingia mimi."

Alivua glavu akaenda kukaa mbali na wenzake, upande wa mihogo. Kabula alinitazama kwa muda mrefu akiwa na mpira mkononi.

"Kocha."

"Uzoefu," nilisema, nikachechemea hadi uwanja wa kulia.

Geita wakapoteza wapigaji wawili, lakini mkimbiaji wao mmoja akafika kituo cha tatu. Mpira ukianguka popote chini, anaingia nyumbani, wanashinda. Ukidakwa, zamu imekwisha. Akaja kijana mmoja mwenye mabega kama mlango. Kabula akarusha. Kijana akapiga.

Ukapaa. Ukapaa kulia. Ukaja kwangu.

Katika maisha yangu yote ya kulipwa nilikuwa nimeusubiri mpira wa namna ile. Nikasoma upepo. Nikalifunika jua kwa glavu. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, macho juu, goti likilia, nikahisi miiba mgongoni na sikuijali, nikanyoosha mkono, mpira ukatua ndani ya glavu kwa mlio mtamu kuliko wote niliowahi kusikia. Halafu dunia ikaondoka chini ya miguu yangu.

Nilianguka juu ya majani yaliyooza na udongo laini. Nilipofungua macho niliona duara la anga, na pembeni yake vichwa vikaanza kuchomoza.

"Kocha Luhende! U mzima?" Ilikuwa sauti ya Kabula.

"Mzima! Nimedaka!"

Kifundo cha mguu kilikuwa kinawaka moto, lakini niliinua glavu juu kama mwenge. Kichwa cha mwamuzi kikatokea.

"Umedaka ukiwa uwanjani au ukiwa shimoni?"

"Uwanjani! Nilidaka kwanza, ndipo nikaja huku."

"Nani shahidi?"

Wachezaji wangu walikuwa mbali. Watazamaji wa upande ule walikuwa wote watu wa Geita, na walikuwa wameanza kusherehekea ushindi wao. Nilisikia chura mahali fulani karibu nami. Kisha nikasikia sauti ya Baba Shija.

"Mimi. Mpira uliingia kwenye glavu akiwa bado mtu wa juu."

Vijana wake wakaguna. Akawaambia kitu kwa Kisukuma, kwa ukali, wakanyamaza. Mwamuzi akatangaza zamu imekwisha, timu ziko sare, iongezwe zamu moja. Kabula akarudi ukingoni.

"Kocha, sisi tunapiga. Nafasi yako ni ya tatu. Unaweza?"

Nikajaribu kusimama. Mguu ukakataa. "Bado kidogo," nilisema.

"Tumrudishe Maduhu?"

Mwamuzi akasema sheria hairuhusu, aliyetolewa ametolewa. Baba Shija akamuuliza sheria inasemaje kuhusu mtu aliyemezwa na ardhi. Mwamuzi akafikiri, akasema haisemi. Basi mrudisheni, alisema Baba Shija. Wakanisubiri mimi.

Nataka kuandika kwamba nilijibu mara moja. Sikujibu. Nilikaa kwenye majani yaliyooza, nimekumbatia mpira wangu, nikafikiri kama wangenivuta haraka, kama wangenifunga mguu, kama labda kwa mguu mmoja. Mtu anaweza kuwa ndani ya shimo na bado akaona ni yeye tu anayefaa.

"Mrudishe," nilisema mwishowe.

Kabula alikuwa ameshaondoka.

Wachimbaji wawili wakaleta kamba na gunia la kukalia, kama wanavyofanya kwenye maduara yao. Wakanivuta. Nilipofika katikati ya shimo, umati ukapiga kelele, na wao wakaacha kuvuta.

"Kuna nini?" niliuliza nikining'inia.

"Yule dada amepiga," alisema mwenye kofia ya njano. "Anakimbia."

"Amefika wapi?"

"Amefika kwenye kiroba."

"Kiroba kipi? Cha kwanza? Cha pili?"

"Kiroba tu. Amekikanyaga."

Wakanivuta kidogo. Kelele tena. Wakaacha.

"Amekuja mwembamba," alisema mwenzake. "Ameshika gongo."

"Mwambieni asiinue kiwiko!" nilipaza sauti. "Mwambieni asubiri mpira wa chini!"

Wakatazamana. "Tumwambie?" "Mwache apige mwenyewe." Kisha nikasikia mlio. Mtu aliyetumia ujana wake kwenye besiboli anaujua mlio ule hata akiwa chini ya ardhi: gongo limeukuta mpira katikati. Umati ukalipuka. Lakini umati ule ulikuwa umeshangilia hata kamba ya kiatu.

"Umekwenda wapi? Mpira umekwenda wapi?"

"Umekwenda tu," alisema mwenye kofia ya njano, kwa sauti ya mtu aliyeona muujiza. "Uko kwenye mihogo. Wanautafuta. Dada amerudi nyumbani. Mwembamba naye anakuja, anakuja... Mvute, mvute, tumesahau mtu!"

Waliponilaza kwenye nyasi Geita walikuwa wanapiga, na sisi tulikuwa mbele. Nilikuwa na mchanga kooni, sikuweza kutoa sauti. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nianzishe timu nilitazama tu. Nilimwona Kabula akiwapanga wenzake kwa kidole, huyu mbele kidogo, yule kushoto. Nilimwona akimsubiri kila mpigaji mpaka achoke kusubiri. Wa kwanza akakosa. Wa pili akapiga juu, ukadakwa. Wa tatu alikuwa kijana wa mabega. Alipokosa mpira wa mwisho alicheka mwenyewe, akaenda kumpa Kabula mkono.

Maduhu alikuja mbio, akasimama juu yangu akihema. "Tumeshinda, Kocha."

Nilifurahi. Halafu nikaona wivu. Halafu nikaona haya kwa ule wivu. Yote hayo yalipita usoni mwangu mfululizo, na nadhani aliyaona, kwa sababu aliinama akanifuta udongo kwenye paji la uso kwa kiganja chake chenye grisi za baiskeli.

"Umeupiga vipi?" niliuliza kwa mkwaruzo.

"Niliinua kiwiko," alisema.

Baada ya mguu wangu kufungwa kwenye zahanati, nikiwa nimehakikishiwa kwamba hakuna kilichovunjika, Baba Shija alitukalisha kwake. Kulikuwa na kuku, ugali wa mtama, na michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, vilivyopikwa kwa karanga. Nilimuuliza kwa nini alinitolea ushahidi.

"Ulidaka," alisema.

"Lakini ungenyamaza ungeshinda."

Akatafuna polepole. "Ningeshinda leo, wiki ijayo nicheze na nani? Na mihogo?" Kisha akaongeza, "Wewe ni mdakaji mzuri, Kocha. Lakini leo nilimtazama yule dada wakati ukiwa chini. Ukishuka tena huko shimoni, sisi Geita hatutawaweza kabisa."

Nyumba nzima ilicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa Maduhu.

Jumatatu tulirudi kwa njia ya Kakola, barabara ya vumbi lakini ya mkato. Sikusimulia habari za Japani. Nilikaa nyuma, mguu umeinuliwa juu ya mfuko wa magongo, nikiwasikiliza wakiupiga mpira ule upya, kila mmoja kwa namna yake. Katika simulizi zao mimi nilionekana sehemu moja tu, ile ya kutoweka.

Kahama, mama ntilie aliyekuwa akipakua wali alinitazama, akautazama mguu, akaacha mwiko hewani.

"Ni wewe wa kwenye simu! Wa shimoni!"

Mtu alikuwa amenirekodi. Video ilikuwa imetutangulia kwa siku nzima. Nilikuwa nimeiacha nchi yangu, nimevuka bahari, nimecheza kwa mshahara, na hakuna aliyewahi kunitambua mgahawani. Sasa wapishi walitoka jikoni. Mmoja aliniomba nimwonyeshe mkono uliokuwa na glavu. Niliuonyesha. Hiyo nayo ni kazi.

Shinyanga nilimkuta Mama Neema mlangoni, simu mkononi. Alikuwa ameicheka mpaka macho yamevimba. Alinisaidia kukaa, akaleta maji ya chumvi ya kuukanda mguu, na alipokuwa anaukanda akasema bila kuniangalia, "Lakini uliudaka. Nimeirudia mara nyingi. Uliudaka kweli."

Wiki iliyofuata kiwanjani kulikuwa na watu ambao sijawahi kuwaona. Wengine walikuja kutazama mtu wa shimoni, wakabaki kujaribu gongo. Maduhu hakuzungumzia tena kuondoka. Tunajiandaa kwa Dar es Salaam, na Kabula sasa ndiye anayepanga nani aanze na nani apumzike, nami namletea maoni yangu, ambayo huyasikiliza kwa heshima na mara chache huyafuata. Jina langu nimeliondoa kwenye orodha ya wachezaji. Sikulilia. Nililinung'unikia kidogo.

Nilichojifunza Geita ni kidogo, na kilinigharimu kifundo cha mguu. Nilidhani kuacha kucheza ni goti kuisha, kumbe goti liliisha zamani na mimi nikaendelea. Nilidhani meneja ni mchezaji aliyepanda cheo. Sasa nadhani ni mtu anayewataka wenzake wadake kuliko anavyotaka kudaka yeye, na kwamba kutaka hivyo hakuji kwenyewe, ni mazoezi.

Juzi jioni mpira mmoja ulipigwa juu sana, upande wa kulia. Nilikuwa kwenye benchi. Miguu yangu ilisimama bila kuniuliza, hata ule mbovu. Nikazishika kingo za benchi kwa mikono miwili, nikajikalisha.

"Wako, Maduhu!" nilipiga kelele.

Alikuwa ameshafika chini yake.